Mupanga Yenye Tulichora Mu Kaye

Ile mupanga ni miye niliitengeneza. Nasema ile mbele ya yote, juu nikianza na habari ingine nitajificha tena, na nilisha kujificha miaka mingi. Jina yangu sitaitia hapa. Ba kwetu Kapata, kambi ya batumikaji ba kampuni ya migodi, batanijua tu, na ni sawa banijue.

Utanicheka kwanza, juu mambo yote ilianzia mu muchezo ya televizyo. Cheka tu. Mi mwenyewe nilichekaka zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tata yangu alikuwa ajusteur mu atelye ya kampuni, fundi ya kutengeneza ba pompe, na mi nilikuwa nasoma mekanike. Rafiki yangu nitamuita Mukendi, ile si jina yake ya kweli. Tata yake alikuwa karani ku magazini ya kampuni. Ni mutu ya Kasai, jimbo ingine ya mbali, lakini Mukendi alizaliwa hapa, mulango ya tatu kutoka kwetu, na tulikuwa tunakula bukari mu sahani moya tangu tuko badogo.

Mukendi alikuwa na yomba yake Bulaya, ndugu ya mama yake. Njo yeye alimutumia ile mashini ya kuchezea, na kaseti moya tu. Hatukupata kaseti ya pili hata siku moya, lakini ile moya ilitutosha. Ulikuwa unatembea mu mapori na mu mapango, unaua manyama ya ajabu, unaokota mawe na mifupa na bipande bya chuma. Kisha unabipeleka ku fundi moya muzee mwenye ndevu. Unachagua silaha ku ukuta yake, unamupatia bile bitu, anapika nyundo mara tatu, na silaha inatoka mupya na namba yake ya nguvu. Namba ya juu kabisa ilikuwa makumi kenda na kenda.

Maneno yote ya ule muzee ilikuwa mu Kingereza, na siye tulikuwa tunajua Kifransa ya masomo tu. Basi tukajaribu kila kitu na kila kitu. Mukendi alikuwa anaandika mu kaye, daftari yake ya masomo: jiwe ya bluu na jino ya nyoka, inapasuka. Jiwe ya bluu na chuma yenye ilianguka kutoka mbinguni, nguvu makumi tatu. Alikuwa na mwandiko ya tata yake, na ule tata mwandiko yake ilijulikana mu biro zote za kampuni. Mutu akitaka kuandikia bakubwa barua ya heshima, alikuwa anaenda kugonga kwake.

Kitu moya tulikuwa tunagombanaka kila siku. Mukendi alikuwa anataka tuanze na ngao. Mi nilikuwa nataka mupanga.

"Ukifwa utapika nani na ile nguvu yako?" aliniuliza.

"Nikipika wa kwanza sitafwa," nilimujibu.

Ule mwaka kampuni ilikuwa inaanguka. Posho ya unga ilikuwa inachelewa, ba mashini zilikuwa zinasimama moya-moya, balimu hawakulipwa na masomo ikafungwa. Siye tulikuwa na wakati mingi na courant ya umeme kidogo. Ikikatika, tulikuwa tunafungua kaye na kuchora silaha yetu wenyewe, yenye fundi ya mu televizyo hana. Njo vile mupanga ilizaliwa. Mi nilichora urefu na ncha yenye kupinda. Mukendi akaongeza jino moya karibu na ncha, inaangalia nyuma sawa ndoana. Akasema ile jino ni ya kukamata silaha ya adui, imutoke mu mikono bila kumwaga damu. Chini akaandika: nguvu 99.

Nikajiambia nitaitengeneza ya kweli, nimuletee Mukendi, afungue macho. Ile ilikuwa mawazo yangu ya kwanza, naapa. Ku lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, tata alikuwa na atelye yake kidogo: étau ya kubana chuma, ba lime za kukwangulia na meule ya mukono ya kunolea. Nilichukua lame ya ressort, kipande ya springi ya kamyo. Ya kwanza nikaiingiza moto mu mayi, ikapasuka. Ya pili nikaiingiza mu mafuta ya motere, pole pole, na ikakubali. Nikakwangua ile jino na lime siku tatu. Ilitoka muzuri sana, nasema vile ilikuwa, na aibu yangu iko ndani ya ile neno.

Yaya Fofo njo aliiona wa kwanza. Alikuwa kijana mukubwa wa avenue yetu, tulimuita yaya sawa kaka yetu, alitufundishaka kabumbu, mupira ya miguu. Ile wakati alikuwa anatembea na kundi ya bijana bya kufunga bitambaa kichwani. Balikuwa banaimba mu barabara: kazi imeisha juu ya batu ba Kasai, barudie kwabo. Nyumba zabo mingi ilisha kutiwa alama. Alisimama ku lupango yetu, akabeba mupanga, akaigeuza mu jua.

"Ni weye ulifanya hii? We mwenyewe?"

"Ni miye, yaya."

"Ee, dogo, uko na mukono. Hata ba fundi ba kampuni hawawezi. Nipatie. Ni ya kuogopesha tu, hatutapika mutu."

Sasa sikiliza muzuri, juu hapa njo kosa yangu iko. Mutu asiniambie kama sikujua. Nilijua Yaya Fofo anaenda wapi. Nilijua batu gani banataka kuogopesha, na nilijua mulango ya tatu kutoka kwetu kunaishi nani. Lakini tangu nizaliwe hakuna mukubwa aliniambia niko na mukono. Tata hakuwa mutu ya kusifu. Nikamupatia. Na aliporudia kesho yake kulomba zingine tano, nikatengeneza zingine tano, na zote nikazitia jino.

Mukendi sikumuambia. Tulicheza tena mara mbili mu ile juma, na mi nilikuwa nabonyeza tu, siwezi kumuangalia. Aliniuliza kama niko mugonjwa. Nikajibu ni malaria.

Kundi ya Yaya Fofo ilikuya saa sita ya midi, jua kali. Nilisikia nyimbo, nikatoka, nikafwata kundi. Uniulize juu ya nini nilifwata. Nilitaka kuona mupanga yangu mu mikono ya batu! Sina jibu ingine, na ile moya inanichoma mpaka leo.

Tata ya Mukendi alikuwa amesimama pa mulango na funguo mu mukono. Alikuwa amevaa shati ya kazi. Akasema na sauti ya kawaida:

"Batoto bangu, tutatoka. Mutuachie saa moya, mama afunge bitu."

Yaya Fofo akamutia mupanga pa kifua. Nafikiri hata yeye alitaka kumuogopesha tu. Lakini ule tata akashika ile chuma na mukono ya kuume, kuisukuma pembeni, sawa mutu mwenye kuondosha tawi mu njia. Fofo akavuta. Na ile jino yenye kuangalia nyuma ikafanya kazi yake.

Bidole bibili. Bya mukono yenye kuandika.

Mama ya Mukendi akapika kelele. Mukendi akatoka mbio ndani ya nyumba, analia, akamushika tata yake kiunoni. Kisha akaona mupanga. Aliiangalia kwanza ncha, kisha ile jino, na hapo akaacha kulia. Akainua macho, akatafuta mu kundi, kichwa kwa kichwa, bila haraka, mpaka akanipata. Mi nilishusha macho yangu chini. Kundi ikaingia mu nyumba, mutu moya akatoka na televizyo, mwingine na ile mashini, na kaseti ilikuwa ingali ndani.

Mu magaribi tata yangu akarudia ku kazi, alisha kusikia yote mu njia. Akaenda ku étau yake, akapitisha kidole ku bumbi bwa chuma bwenye bulibaki pale. Akakamata kipande ya lame yenye ilipasukaka. Mi nilingojea anipike. Nilitaka anipike.

"Hii étau nililishia batoto sita," alisema tu. Akachukua misumari na mbao, akafunga mulango ya atelye yake, na hakuifungua tena mpaka alipokufwa. Mutu mwenye kupenda kazi yake vile.

Nyuma ya juma mbili akanibebesha gunia ya unga, akanipeleka ku gare ya train. Tulitembea na miguu, yeye mbele, mi nyuma. Pale ku gare ilikuwa batu na batu, ba Kasai benye kufukuzwa. Bitanda, makabati, masufuria, bibi banapika chakula katikati ya ba rails, bababu banalala chini ya mabâche ya turubai. Balikuwa banangojea train yenye hakuna mutu anajua itakuya siku gani. Batoto bamoya balisha kufwa pale pale na kuhara.

Ba Mukendi tulibapata pembeni ya wagon moya ya zamani. Tata yangu akavua kofia, akapiga magoti mbele ya ule tata, fundi mbele ya karani, na bote babili bakalia bila sauti. Mi nilisimama na gunia ku bega. Hakuna mwenye aliniambia niitue.

Kijana moya akapita na karatasi, anaandikisha bakubwa ba familia, bapate nafasi mu train. "Tia sinyature hapa, tata." Ule tata akaangalia mukono yake yenye kufungwa kitambaa. Akajaribu na ya kushoto, kalamu ikaanguka. Akajaribu tena. Ule kijana alikuwa na haraka, akafungua kikopo ya wino, akamushika kidole gumba ya kushoto, akaibandika pa karatasi sawa ya mutu mwenye hakusomaka. Mwandiko yenye biro zote zilikuwa zinaijua.

Mukendi alikuwa anaona, na aliona mi pia ninaona. Akaingiza mukono mu shati yake, akatoa kaye yetu, akaniletea.

"Chukua," alisema. "Mule mungali zingine mingi za kutengeneza."

Ile njo maneno yake ya mwisho kwangu. Train ilikuya, ikabapeleka Kasai, na sikusikia habari yabo tena. Nilitafuta. Niliuliza batu benye kutoka Kasai, benye magari, ba pasta. Kama Mukendi angali muzima na anasoma hapa, asifikiri namulomba musamaha. Sistahili, na najua vile.

Leo natengeneza ba pompe sawa tata yangu. Batu banasemaka niko na mukono ya ajabu, na kila mara banasema ile, naona kidole gumba mu wino. Yaya Fofo anaishi hapa hapa. Tukikutana ananisalimia muzuri tu, sawa hakuna kitu kilipita.

Weye mwenye unajua kutengeneza kitu, chuma ao maneno ao hata picha: siku mutu atakuya kukusifu na kukulomba, utajua moyoni anapeleka wapi. Utajua, usijidanganye. Mukatalie pale pale, hata kama hakuna mwingine atakusifu mu maisha yako yote.

Kaye niko nayo mu sanduku. Bana bangu bananiuliza ni ya nini, nabajibu ni ya masomo. Ku kurasa ya mwisho iko ile mupanga, na pembeni ya ile jino Mukendi aliandika na mwandiko yake muzuri: hapa ni ya kulinda.