Mshtuo Mmoja Ni Mililita Ngapi?

Saa nne asubuhi, Obdulia Pravia ameketi jikoni kwake, mikono mapajani, na hilo peke yake ni habari. Kwa miaka arobaini na sita hajawahi kuketi humo saa kama hii. Mbele ya jiko amesimama mdogo wake Onofre, miwani puani, karatasi mkononi, anasoma namna ya kupika maharage.

"Usiseme kitu, dada," anamwambia bila kugeuka.

"Nimesema nini?"

"Umepumua kwa nguvu."

Casa Telvina ni mkahawa wa meza kumi na moja hapa Bustiello, Asturias, kijiji ambacho mvua hukiingia bila kupiga hodi. Telvina alikuwa mama yao. Obdulia hupika, Onofre humimina mvinyo wa tufaha kaunta, na Delfina, binti wa Obdulia, huhudumia meza. Kwa bakuli la maharage makubwa meupe na soseji ya damu, watu huendesha gari saa nzima kutoka Oviedo na kulipa yuro kumi na sita bila kunung'unika.

Tarehe tatu Juni, Obdulia atapasuliwa vifundo vya mikono yote miwili. Sufuria la maharage likijaa lina kilo ishirini na mbili, naye ameliinua kila siku isipokuwa Jumatatu. Daktari amempa miezi minne asishike hata kijiko.

Mpishi wa kuajiriwa hakupatikana. Wa mwisho aliyekuja aliuliza kama kuna mtandao mzuri, akala, akashukuru, akaondoka. Kwa hiyo ama Onofre ajifunze kupika, ama mlango ufungwe. Na mkahawa wa kijijini ukifungwa miezi minne, wateja huzoea kwingine.

Hapo ndipo kitabu cha mapishi cha Delfina kilipopata kazi ya pili. Delfina alikuwa ameshakubaliana na kampuni moja ya vitabu ya Madrid kuwapa mapishi hamsini ya Casa Telvina. Akawaza kwamba kinachoweza kumfundisha mgeni kinaweza kumfundisha na mjomba, ambaye ana miaka sitini na minne na hajawahi kuchemsha yai.

Tatizo likawa daftari la Telvina. Ndani yake hamna vipimo. Unga: kadiri utakavyokubali. Chumvi: kwa jicho. Maharage: yashtue mara tatu.

"Bibi hakuandika mapishi," anasema Delfina. "Aliandika vikumbusho vya mtu anayejua tayari."

Kushtua maharage, hapa hata watoto wanajua. Yakianza kuchemka kwa fujo unayamwagia maji baridi yatulie, maganda yasipasuke. Lakini mhariri wa Madrid aliurudisha ukurasa na swali kwa wino mwekundu: mshtuo mmoja ni mililita ngapi?

Obdulia alicheka siku nzima. Siku ya pili hakucheka, maana hakuwa na jibu. Delfina akamfuata na jagi la kupimia wiki mbili. Jumanne tisini. Jumatano mia na arobaini. Ijumaa sitini.

"Nikamwuliza, mama, mbona unabadilisha? Akasema, 'Mimi sibadilishi. Maharage ndiyo yanabadilika.'"

Wakaandika mia moja, wapate amani. Leo ndilo jaribio: Onofre anapika kwa kusoma tu, Obdulia anakaa kimya. Mchana huu ukurasa unarudi Madrid kuchapwa, wala hautarudi tena.

Sufuria linaanza kutokota. Onofre anapima mia moja kwa makini ya mfamasia, anamwaga. Sufuria linaendelea kama halikuambiwa kitu. Maharage mawili yanapanda juu, maganda yamechanika.

Onofre anatazama karatasi, kisha sufuria, kisha dada yake. Obdulia amefumba macho, ameshika aproni kwa vidole vilivyovimba.

"Karatasi inasema mia."

Obdulia anazidi kufumba macho.

"Dada."

"Umenikataza kusema."

"Sasa nakuruhusu."

"Sitaki. Mwezi wa saba utamwuliza nani, soseji?"

Onofre anatukana kidogo, kwa sauti ya mtu aliye kanisani. Anaweka karatasi chini, anachukua maji na kumwaga bila kupima: kidogo, tena kidogo, mpaka kelele zinakoma. Anabaki ameshika jagi hewani.

"Limenyamaza," anasema.

Obdulia anafumbua macho. "Ndiyo hiyo. Miaka yote nilidhani napima kwa jicho. Kumbe ni sikio."

Delfina, aliyekuwa mlangoni na vitambaa vya meza, anachukua kalamu. Anakata mia moja, anaandika: maji baridi, mpaka sufuria linyamaze. Saa tisa alasiri mhariri alijibu kwa mstari mmoja, kwamba kwa hili peke yake hatadai nambari.

Maharage yale yalipakuliwa mchana. Yaliyopasuka yalikuwa kama moja kwa kila kumi. Obdulia alionja, akasema yanalika.

"Yanalika, au mazuri?" Onofre aliuliza.

"Yanalika. Mazuri tutaona mwezi wa nane."

"Wateja hawajalalamika."

"Wateja wana adabu. Mimi ni dada yako."

Bado kuna mapishi arobaini na tisa, na Onofre hajafika kwenye samaki. Ila mlango hautafungwa. Walikubaliana hivyo wakiosha vyombo, bila kikao.

Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Obdulia anataka kuketi ukumbini kama mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mikono itakuwa imefungwa bandeji, kwa hiyo atalishwa.

"Na atakayenilisha ni Onofre mwenyewe," anasema. "Yakiwa mabaya nitamwambia mbele ya watu. Yakiwa mazuri, nitafungua mdomo tena."