Ufunguo wa Redio ya Makurunge

Kazi yangu ni kufunga redio za mtandao, zile sahani ndogo nyeupe zinazowekwa juu ya paa au mlingoti ili nyumba moja iipelekee nyingine intaneti bila waya. Naishi Kerege, na wateja wangu wengi ni watu wa Mapinga waliohamia viwanjani. Aliyenipigia simu mara hii alikuwa mama mmoja wa Bagamoyo mjini, mwenye duka la vitambaa, wa familia ya Kiarabu iliyokaa pale vizazi na vizazi. Nilipofika dukani nikamwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, akafunga mlango wa duka kabla ya kusema neno jingine.

Baba yake mzee alikuwa akiishi Makurunge, kwenye shamba lake la minazi na mihogo, na alikataa katakata kuhama. Jirani mmoja humpikia kisha huenda zake. Kwa hiyo mama alikuwa amewekewa kamera chumbani kwa mzee, na redio mbili, moja shambani na moja juu ya duka, ili amwone baba yake akiwa kazini. Juzi alimwona mzee akishindwa kushika kikombe, chai ikamwagikia kanzuni. Alilia peke yake, hakumwambia mtu. Asubuhi yake akaja dalali wa ardhi, mtu anayemfahamu kwa sura tu, akampa pole ya mgonjwa.

“Akaniambia, ‘Mikono ikianza kutetemeka namna ile, mama, ni bora mambo ya shamba yakawekwa sawa mapema.’ Sasa yeye mikono ya baba yangu kaionea wapi?”

Nilifungua kompyuta, nikaingia kwenye redio ya dukani. Aliyezifunga aliziacha wazi, bila ufunguo wowote. Picha za mzee zilikuwa zikipita hewani kama mtu anayezungumza kwa sauti sokoni. Kwenye orodha ya vyombo vilivyounganishwa palitakiwa kuwe na kimoja. Vilikuwa viwili. Na kile cha pili kilikuwa kule kule Makurunge, umbali uleule na nyumba ya mzee. Nilimweleza mama. Alivuta mtandio wake, akaniuliza kama mtu huyo anatuona na sisi pia. Nikamwambia dukani hapana kamera. Hata hivyo tangu hapo alinong'ona.

Dawa yake ni ufunguo wa siri. Unaziwekea redio zote mbili maneno mamoja, nazo zinayatumia kuvuruga kila kinachopita, asiyeyajua asiambulie kitu. Unaanza na redio ya mbali, maana ukianza na ya karibu utajifungia nje. Nilimwomba achague maneno marefu, yasiyo jina wala mwaka wa kuzaliwa. Akafikiri, akachagua maneno ya bembelezi ambayo marehemu mama yake aliyatunga mwenyewe. Hayajui mtu, alisema, ila mimi na mdogo wangu.

Mdogo wake wa kiume alikuwa akiuza viwanja Mapinga. Nilipomaliza, mama alimpigia simu akamsomea ufunguo, kwa kuwa ndiye mwenye gari na ndiye angefika haraka shambani likitokea jambo. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nilimsikia. Akasema tu, “Ya mama hayo,” akaaga.

Kile chombo cha pili kilikuwa kimekwisha kutoka. Lakini kwenye kumbukumbu za redio nilikiona kikigonga: kinaomba kuingia, kinakataliwa, kinaomba tena, bila kuchoka. Nilikaa na mama tukitazama. Baada ya muda kikaacha. Mama akashusha pumzi, akaniletea kahawa.

Wiki haijaisha akanipigia tena. Alikuwa akimtazama baba yake amelala, mara kamera ikaanza kugeuka yenyewe polepole, ikamwacha mzee kitandani, ikatazama ukuta. Nilikuwa mjini kwa mteja mwingine, nikaenda mbio. Orodha ilionyesha vyombo viwili.

“Ameingia kwa ufunguo, mama,” nikasema. “Hakuvunja kitu.”

Alinitazama, nami nikajua anahesabu. Mimi, yeye, na mdogo wake. Kati ya hao watatu mgeni ni mimi. Hakunituhumu. Alichukua funguo za gari akasema twende.

Njia nzima alivuta uradi. Shambani tulikuta gari la mdogo wake chini ya minazi, na ng'ambo ya ua, juu ya pagale lisiloezekwa, niliona sahani iliyoelekezwa mjini. Ndani, dalali alikuwa amekwisha kusimama, karatasi mkononi. Mdogo mtu alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika mkono wa baba yake kwa upole, kama anampima homa. Dole gumba la mzee lilikuwa na wino wa zambarau.

“Wamesema nikiweka dole nitaletewa daktari,” mzee akamwambia binti yake. “Daktari yuko wapi?”

Mama hakupiga kelele. Alichovya ncha ya mtandio kwenye maji ya kunywa, akaanza kumfuta baba yake dole. Wino ule hautoki kwa maji. Aliendelea kufuta mpaka wale wawili wakaondoka.

Siku ileile tulimhamishia mzee mjini. Nilishusha redio zote mbili, na sahani ya pagaleni nikaiacha, si mali yetu. Shauri la shamba lilipelekwa baraza la ardhi, na wakati naandika haya bado halijaamuliwa. Ndugu wale hawazungumzi.

Miezi kadhaa baadaye simu yangu iliita, nikaitambua sauti ya mdogo mtu. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za kazi.

“Fundi, nikuulize jambo moja tu,” akasema. “Baba bado yu hai?”

Sikujua kama anauliza mtoto au anauliza mrithi. Nilimwambia akamuulize dada yake. Hakukata simu. Mimi ndiye niliyeikata.