Tundu Lililozibwa kwa Nta

Siku niliyonunua kompyuta ya mpakato, nikiwa mtu mzima mwenye mvi zangu, nilibonyeza kitufe kidogo ubavuni mwake na kipande cha plastiki kikachomoka. Nikajua nimeiharibu. Nikaifunga kwenye khanga, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Ilomba, nimeshanuna kabla sijafika, kwani sipendi kuchekwa.

Alinicheka.

"Mama, hiki ni cha kuzuia vumbi tu. Hilo tundu ni la kadi. Waliotengeneza hawakujua wewe utahitaji nini, wakakuachia nafasi. Ukitaka intaneti, kuna kadi yake. Ukitaka sauti nzuri, kuna kadi yake. Ila kuna pana na nyembamba, usilazimishe. Na ukichomeka ya sauti, spika ya humu inaweza kunyamaza. Usishtuke ukadhani imekufa. Sauti imehamia kwenye kadi."

Nilimwomba arudie hayo ya mwisho. Akarudia. Nikavuta kigoda nikakaa.

Miaka ya sabini tulikaa Iyunga: baba, mama, bibi mzaa baba na sisi watoto. Baba alinunua redio ya betri. Ndani ya boksi mlikuwa na waya mwembamba wenye kidude cha kuingiza sikioni, na ubavuni mwa redio palikuwa na tundu dogo. Baba akauchomeka waya kwenye tundu. Redio ikanyamaza. Akauchomoa, ikaanza kusema. Akauchomeka tena, kimya.

"Hiki kinaua redio," alisema. Akaliziba tundu kwa nta, waya akautupia kwenye kopo la vifungo vya mama, na sote tukaonywa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekiweka kile kidude sikioni. Nani angethubutu? Redio ile ilitunzwa kuliko sisi.

Bibi alikuwa ameanza kutosikia vizuri. Dada yake, ndugu pekee aliyembakia, alikuwa mahututi huko Iringa. Barua zilichelewa, kwa hiyo tulitegemea matangazo ya vifo. Saa ya matangazo ilitukuta kwenye shamba la viazi. Bibi ndiye aliyebaki nyumbani, ameegemeza sikio kwenye redio, sauti imefunguliwa hadi mwisho.

Jioni moja jirani alikuja kutupa pole, akashangaa kutukuta tunakula na kucheka. Tangazo lilikuwa limesomwa juzi. Mazishi yalikuwa jana.

Baba alimgeukia bibi. "Mama, si ulikuwa na redio?"

"Nilikuwa nayo, mwanangu. Ilinung'unika tu."

Hakuna aliyemlaumu kwa maneno, lakini tangu siku hiyo alikaa nyumbani mwetu kama mwenye kosa, na mimi nilimwona hivyo hivyo mpaka tulipomzika. Naona aibu kuliandika hili.

Fundi aliniuliza nataka kadi gani. Nilikuwa nawaza lile kopo la vifungo, na ule waya wa sikioni ndani yake. Mama aliliweka kwenye rafu, juu ya redio. Kila bibi alipoinama kusikiliza, lilikuwa juu ya kichwa chake.