Mwambie Imeishia Hapo

Jumamosi niliingia duka la muvi hapa Makongeni nikiwa na hasira. Tamthilia niliyoifuata mwezi mzima ilikuwa imeishia vibaya, na nilitaka kumlaumu kijana aliyeniuzia. Mbele yangu alisimama mama mmoja, ameshika flashi.

"Mamangu yuko sizoni ya pili," alimwambia kijana, akitaja tamthilia ileile yangu. "Niwekee episodi ya mwisho kabisa."

"Mathe, unaruka hizo zingine zote?"

"Hospitali wameturudisha naye nyumbani. Hizo zingine hatazifikia. Anataka tu kujua inaishaje."

Kijana aliondoa mkono kwenye kompyuta. "Hiyo ya mwisho ni mbaya. Yule mama wa hadithi anakufa peke yake, hata watoto hawafiki. Watu walinigombeza wiki nzima." Akaigeukia tena kompyuta. "Lakini sizoni ya pili inaisha na harusi. Nikuwekee hiyo, umwambie imeishia hapo."

Mama alizungusha flashi kidoleni. Nilidhani atakataa, maana tunapenda kusema mgonjwa aambiwe ukweli, hasa mgonjwa wa watu wengine.

"Weka harusi," alisema.

Aliporudishiwa flashi hakuondoka mara moja. "Ile ya mwisho usiifute," alisema polepole. "Nitakuja kuichukua tukishamzika."

Zamu yangu ikafika, kijana akaniuliza nataka nini. Sikumlaumu tena; nilimwomba kitu kirefu, hata kama katikati kinachosha.