Gololi Iliyogusa Duara

Juzi mjukuu wangu Mwende alikuwa akitafuta kwa aljebra mahali mstari unapokata duara. "Shosho, jibu ni moja tu," akasema. "Mstari haukuingia, umegusa tu."

Nikasikia tena harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, wakikaangwa mtaani kwetu Laini Saba nilipokuwa mtoto. Tulikuwa tumechora duara vumbini. Gololi yako ikipita ndani, mwenzako anaichukua. Mimi nilikuwa na moja tu, ya bluu. Nikaibiringisha, na Ramadhani niliyekuwa nikicheza naye akaidaka. "Imeingia! Lia sasa!"

Sikulia. Nilipiga magoti, nikafuata alama yake vumbini kwa kidole. "Kama iliingia, ilitokea upande gani?"

Akatafuta mahali pa pili ilipokata duara, asipaone. Akanirudishia akinuna.

Miaka yote hiyo nilidhani nilimshinda kwa mdomo. Kumbe ilikuwa hesabu, na shule sikuwa nimekanyaga.