Siku Niliyoliaga Deni kwa Pilau

Aibu hii imenigharimu shilingi elfu ishirini na tano, mia tatu sitini na saba (nimehesabu mara mbili, ya pili kwa matumaini tu), pamoja na uweka hazina wa chama cha ploti yetu hapa Chaani, cheo nilichokitamani mwaka mzima, basi chekeni kwanza mmalize, ndipo niwasimulie.

Mnanijua. Mimi ndiye yule anayenunua kiatu cha mtumba Kongowea na tukishapatana bei naomba na kamba za akiba. Sasa nilikuwa na deni la elfu sitini kwenye kadi ya mkopo, linazaa riba kama panya, na benki nyingine ikaniita: hamishia deni lako kwenye kadi yetu, miezi sita riba sifuri, ada ya kuhamisha elfu moja na mia nane. Ada nilijaribu kuipunguza, wakakataa, nikanuna kidogo, nikatia sahihi, na yale maandishi madogo ya chini nikayaruka (mtu wa kupatana kwa mdomo huwa hasomi). Kwa akili zangu kadi ni kama chumba cha kupanga: mkishaelewana kodi, hata shemeji akija na godoro lake kodi haipandi.

Na kwa kuwa Jumamosi ile ndiyo chama kilikuwa kinachagua mweka hazina, nikaona nilifanyie deni karamu ya kuliaga, watu waone kichwa kinachojua pesa. Mbuzi, mchele, soda, viti vya kukodi, elfu ishirini na mbili, zote kwa kadi mpya.

"Baba Neema," mke wangu akaniuliza, "deni linaagwa kwa deni?"

"Mama Neema, hii ni sifuri. Sifuri mara mbuzi ni sifuri."

Watu wakala. Simu yangu ilikuwa imeunganishwa na spika, inapiga chakacha, mara muziki ukakatika, benki inapiga, na mwenye busara angeizima spika, lakini mimi nikapaza sauti: "Tulieni, msikie wenyewe!"

"Habari za mchana," dada wa benki akaunguruma uwanja mzima. "Tunathibitisha manunuzi ya shilingi elfu ishirini na mbili leo. Ni yako?"

"Yangu, dada! Hebu waambie hawa riba yake ni ngapi."

"Asilimia tatu na nusu kwa mwezi, kuanzia leo."

Vijiko vikasimama.

"Na ile sifuri?"

"Sifuri ni ya deni ulilohamisha tu. Manunuzi mapya yana riba yake."

Hapo jasho likanitoka, na mazoea nayo yakanitoka. "Basi dada, fanya moja na nusu, tusikosane."

"Riba haipatanwi, ndugu mteja."

"Muongeze sahani ya pilau!" mtu akapiga kelele huko nyuma.

"Je, mwisho wa mwezi nikileta elfu kumi, si nitakuwa nimepunguza mbuzi?"

"Hapana. Malipo yako yataanza na deni la sifuri. Lenye riba litasubiri mpaka lile liishe."

Bi Zuhura, jirani yangu muuza viazi karai, ambaye naye alikitaka cheo, akaweka sahani chini ili acheke vizuri. "Wallahi hili deni halikuhama! Lilikwenda kuoa, limerudi na mke!"

"Kuna lingine naweza kukusaidia?" dada akauliza.

"Hapanaaa!" ploti nzima ikamjibu.

Kura zikapigwa papo hapo kwa kunyoosha mikono. Bi Zuhura akapita, na Mama Neema wangu, wa ndoa, mkono mmoja alikuwa amemnyooshea yeye na mwingine umeshika paja la mbuzi wangu.

Huu ni mwezi wa pili. Nalipa, sifuri inapungua, mbuzi ananenepa: riba imeshafika elfu moja, mia tano sitini na saba. Nimeapa kusoma maandishi madogo kabla ya kufungua mdomo, tena kwa miwani. Ila jana benki ya tatu imeniletea ujumbe, miezi tisa, sifuri, nami nimeusoma mpaka chini na sikuona jibu: deni la pilau iliyokwisha kuliwa, nalo huhamishika? Anayejua anishauri, na aliyekula mbuzi aanze.