Kiti Kirefu cha Mbele

Gari la zamani la baba lilikuwa na kiti kimoja tu cha mbele, kirefu kama kochi, kutoka mlango huu mpaka mlango ule. Lilikuwa gari la Kimarekani, rangi ya maziwa, pana, lenye pembe kama kabati. Pua yake ilikuwa ndefu hivi kwamba baba akikata kona ya mtaa wetu pale Ibra, pua ilifika mwanzo, halafu baba. Gia ilikuwa kwenye shingo ya usukani, kwa hivyo katikati hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu. Baba aliendesha, Bibi alikaa katikati, mama dirishani. Mimi na wadogo zangu tulikuwa nyuma, tunapigana viwiko.

Bibi ni mama yake baba. Hakuwa mtu wa safari, ila safari moja: kila Ijumaa baada ya sala, kwenda Sur kwa dada yake. Wamezaliwa Unguja, tumbo moja. Wakaja Oman kila mmoja na mumewe, huyu akashukia huku bara kwenye mitende, yule akashukia kule baharini. Dada mtu alikuwa mkubwa zaidi na magoti yalikuwa yameshamkatalia, mlangoni kwake tu alifika kwa kushika ukuta. Kwa hivyo Bibi asipokwenda, hawaonani. Simu walikuwa nayo, lakini Bibi alikuwa anasema simu ni sauti tu, haina uso.

Njiani Bibi alikuwa na kazi zake. Alimenya chungwa, akalichambua pande pande, akamtilia baba mdomoni huku baba macho yako njiani. Alimimina kahawa kutoka kwenye chupa, nusu kikombe, ili isimwagike. Na zaidi ya yote, alikuwa anaangalia ngamia. Ukishapita Bidiya mchanga unakaribia barabara, na ngamia hawajui barabara ni ya nani. Bibi aliwaona kabla ya mtu yeyote. "Mwanangu, ngamia kulia!" Baba anakanyaga breki pole pole, ngamia anavuka kwa maringo yake, Bibi anamwambia, "Haya, pita bwana mkubwa." Baba alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba gari lake lina taa tatu, mbili za kiwandani na ya tatu iliyomzaa yeye, yaani Bibi.

Halafu gari hilo likatoka kwa umbo jipya.

Ami yangu, mdogo wake baba, anakaa Nizwa, ana duka la vifaa vya umeme, na kila kitu kipya lazima akiguse yeye mwanzo. Siku ya pili ya Idi akaja nalo mpaka mlangoni petu. Gari lile lile, jina lile lile, lakini wamelifuta pembe zote. Wanaume wakatoka na vikombe vyao vya kahawa mkononi, wakalizunguka.

"Shikamoo, kaka," ami akamwambia baba, macho yanacheka. "Unalionaje?"

"Marahaba. Naliona limekuwa kama sabuni iliyokwisha kuogewa."

"Wamelikata hivyo kwa ajili ya upepo, yakhe! Linapasua upepo."

"Na upepo umekukosea nini wewe?"

Watu wakacheka. Jirani yetu mmoja, naye alikuwa na lile la pembe, akafungua mlango na kuufunga, akasikiliza. "Mlango wa zamani ulikuwa unasema *dum*," akasema. "Huu unasema *tup*." Akatikisa kichwa kama daktari aliyepima kifua cha mgonjwa. Mwengine akasema buti limepungua, mbuzi wa Idi ataingia lakini pembe zitabaki nje. Ami akawajibu wote. Kiyoyozi kinapuliza mpaka miguuni. Linatembea kimya, unaweza kumsikia mwenzako anameza mate. Ukipita kwenye tuta, tuta unalihadithiwa tu.

Nilisimama nyuma ya pazia na ndugu zangu, nikajiona mimi ndiye niliyeshika usukani, nimevaa miwani nyeusi, nakwenda mpaka Salala bila kusimama. Mimi nikiona gari lolote huwa nimeshafika Salala.

Wiki ile tukaenda Nizwa, ami akampa baba ufunguo ili alijaribu gari. Tukatoka mpaka Tanuf, mpaka pale penye magofu chini ya mlima, tukageuza. Kurudi Ibra baba alilitukana lile gari njia nzima. Taa za nyuma kama macho ya mtu aliyelia. Dari limeinama. Waliolichora hawajapata kuvaa kilemba. Mama akaanza kucheka peke yake.

"Nini?" baba akauliza.

"Nakujua mie. Ukipenda kitu hukitukana. Mwaka ule ulipokuja kuniposa ulisema kwetu ni mbali na njia ni mbovu. Linunue tu, bwana, usijitese."

Akalinunua. La zamani akalichukua mfugaji mmoja kutoka milimani, kule wilaya ya Dima wa Tayyin, mzee mwenye bakora na kicheko kikubwa. Siku lilipoondoka baba alisimama barabarani mpaka likapotea, mkono mmoja juu kama anayemuaga msafiri.

Sasa hilo jipya. Mbele lilikuwa na viti viwili, vya ngozi, kila mtu na chake, na katikati kisanduku chenye mfuniko. Ndani ya kisanduku unaweza kuweka kanda, miwani, shanuo. Wadogo zangu walikifungua na kukifunga mpaka baba akawapigia kelele. Sote tulikiona kizuri. Hakuna aliyefikiri kwamba pale kilipokaa kisanduku ndipo alipokuwa akikaa Bibi.

Ijumaa ya mwanzo ikafika. Mama alishaweka nyuma mto mzuri, wa zambarau, na shuka ya kufunikia miguu. Akafungua mlango wa nyuma. "Karibu mama, kaa huku kwenye nafasi. Wakubwa wote wanakaa nyuma, unawaona kwenye televisheni, mawaziri."

"Wewe kaa nyuma, mwanangu, upumzike," Bibi akasema.

"La, haiwezekani. Mie nikae nyuma? Mto nimeuweka kwa ajili yako!"

Bibi akamtazama mama, akaitazama ile nafasi moja ya mbele. "Basi. Mke akae na mumewe." Akaingia nyuma. Ilikuwa heshima juu ya heshima. Mama alimpa Bibi mahali pa mawaziri, Bibi alimwachia mama mahali pa mke, na kila mmoja aliona amemfanyia mwenzake wema.

Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, kwa hivyo niliona. Alimenya chungwa, akanyoosha mkono mbele, haukufika. Mama akalipokea akampa baba. Mara ya pili Bibi hakunyoosha tena, akatupa sisi. Mbele ya macho yake palikuwa na mgongo wa kiti cha mama, basi. Penye njia panda ya Jalan baba akakanyaga breki ghafla, sote tukasukumwa mbele, ngamia huyo kashapita. "Mama, hukumwona leo?" baba akamtania kwenye kioo. "Nimeona mkia tu," Bibi akajibu, akakunja mikono mapajani. Njia yote iliyobaki alikaa kama mgeni.

Ijumaa iliyofuata akasema kichwa kinamuuma. "Harufu ya gari jipya hiyo. Inanipanda kichwani. Nendeni nyinyi, mnisalimie dada." Na iliyofuata pia. Kule Sur dada yake alikuwa amekaa kizingitini kutungojea. Akatuangalia tunavyoshuka mmoja mmoja, akaendelea kuuangalia ule mlango wa gari hata baada ya kufungwa. "Yuko wapi? Amenuna?" Tukamwambia kichwa. "Kichwa," akasema. "Mimi sina siku nyingi za kungojea kichwa chake." Mama alikuja na maneno hayo mpaka Ibra na hakumwambia Bibi, lakini machozi yalimlengalenga tulipokuwa tunashusha vyombo.

Jioni ile kwenye mkeka wa kahawa wanaume wakamuuliza baba, haya, umeshakaa na gari, sema sasa. Baba akajibu kwa huzuni: "Kila kitu mashaallah. Ila harufu. Harufu yake inamuumiza mama yangu." Kila mtu akaleta dawa yake. Mmoja akasema weka unga wa kahawa kwenye sahani. Mwengine akasema kitunguu. Mama alisikia kutoka ndani, akaguna. Kwetu harufu ina dawa moja, nayo inajulikana.

Alhamisi baada ya alasiri mama akatia makaa kwenye chetezo, akatia udi, ule mzuri wa kuwekea wageni, akakiweka chetezo juu ya kile kisanduku cha katikati, akafunga vioo vyote ili moshi uingie mpaka kwenye nyuzi za viti. Akarudi ndani kukanda unga. Gari likajaa moshi mpaka viti havionekani. Jirani yetu yule wa *dum* na *tup* alitoka kwake, akaona, akapiga ukelele: "Gari linaungua!" na kuja mbio na ndoo ya maji. Akafungua mlango. Bahati mama alimuwahi. "Usimwage! Ni udi! Udi huo!" Wakavutana kidogo na ndoo, na katika mvutano chetezo kikapinduka. Kaa moja likalala juu ya mfuniko wa kisanduku, likazama taratibu kama linaingia kwenye siagi.

Baba alipotoka palikuwa na tundu la mviringo, jeusi pembeni, kwenye gari ambalo hata vumbi la kwanza lilikuwa bado halijazoeana nalo. Akatia kidole kwenye tundu, kikapita. Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yenye unga. Jirani alikuwa bado na ndoo yake.

Ndipo tukasikia Bibi anacheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mtandio wake, anacheka mpaka anashika kizingiti, halafu kicheko kikageuka akawa anajifuta macho.

"Mwache mkeo," akamwambia baba, ingawa baba hakusema neno. "Harufu haina kosa. Mie harufu hiyo sikuisikia hata siku moja. Pua yangu ilikufa zamani, wewe hujui? Udi wenyewe nausikia kwa kuambiwa."

"Sasa nini, mama?"

Alikaa juu ya ngazi. Akajibu kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeogopa kuchekwa. "Huko nyuma napelekwa. Mbele nilikuwa nakwenda."

Mama akaja akakaa pembeni yake, unga na yote. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Nikutoe wewe kwa mumeo, nikae mie?"

"Mume! Mume ninaye wiki nzima. Toka Bidiya mpaka Sur mie nalala, mdomo wazi, muulize mwenyewe. Kesho nakaa nyuma."

"La wallahi. Watu wa Sur waone mkwe wangu katupwa nyuma? Wataniambiaje?"

Wakarudi pale pale, mmoja anasukuma, mwengine anasukuma. Nilijua wakimaliza hivi Ijumaa itapita tena na yule bibi mwengine atakaa kizingitini kuhesabu tunaoshuka. Nilitaka kulia na nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Mama akasimama, akajipangusa mikono, akaunyoosha mmoja kwa baba. "Ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa gari. Mie nitaendesha. Mama akae mbele na mimi, hakuna mke wala mume aliyetupwa. Wewe kaa nyuma. Si mahali pa mawaziri?"

Mama alikuwa na leseni. Kila siku alikwenda kazini, kwenye kituo cha afya, na kigari chake kidogo cha Kijapani. Hilo refu hakuwahi kuligusa. Baba akamtazama mama yake pale ngazini, alivyomkazia macho kama mtoto anayesubiri kupewa pesa za Idi. Akatoa ufunguo.

Ijumaa tukatoka. Kwenye kituo cha petroli cha mwisho Ibra tukalikuta gari letu la zamani. Mzee wa Dima wa Tayyin alikuwa kwenye usukani, na pale mbele, kwenye kiti kirefu, mbuzi wawili wametulia, mmoja katikati, mmoja dirishani. Mzee akatupungia bakora. Bibi akageuka kumwangalia baba nyuma: "Unaona? Hata mbuzi wamekaa mbele!" Baba akajifunika uso kwa kilemba. Mama alicheka mpaka akazima gari.

Njiani Bibi akamenya chungwa. Akachambua pande, akanyoosha mkono. "Fungua mdomo, mwanangu," akamwambia mama, na mama, macho yako njiani, akafungua. Akamimina kahawa, nusu kikombe, akatafuta pa kukiweka, akakitia kwenye lile tundu la kaa. Kilikaa, kimeinama kidogo, lakini kilikaa. Kabla ya Al Kamil akasema, "Ngamia kushoto," na mama akapunguza mwendo, ngamia akavuka.

"Anapunguza mapema mno," baba akasema kutoka nyuma. Hakuna aliyemjibu.

Sur, dada yake alikuwa kizingitini. Mlango wa mbele ukafunguka, Bibi akashuka wa kwanza, akatembea peke yake mpaka pale. Wakashikana mikono, wakawa wanaangaliana tu. Halafu mkubwa akauliza, "Nani kakuleta?"

"Nimekuja," Bibi akasema.

Siku nyingi baadaye ami alikuja tena kutoka Nizwa, na kwenye mkeka wa kahawa akamuuliza baba, kaka, umelitumia sasa, toa neno lako la mwisho. Baba akafikiri.

"Mbele waulizeni wenyewe wa mbele. Mie naweza kukwambieni habari za nyuma. Nyuma pana raha, miguu inanyooka, tuta hulisikii. Lakini kila ukisema neno hakuna anayekusikia, na chungwa likikufikia ni ganda."

Bibi, aliyekuwa anapita na sahani ya tende, akasimama, akachukua moja, akaitoa kokwa, akamtilia mwanawe mdomoni.